Vifungo Sita

Kitendawili. Sema tega, kisha sikiliza: ninao kumi, wamenitumikia tangu utotoni, leo wameamriwa wakae bure watazame wageni wakifanya kazi yao. Umeshindwa? Mji usinipe, nitauweka wapi, nina kitanda na kabati tu. Ni vidole vyangu.

Nilikuwa fundi cherehani. Sare za shule nimeshona miaka thelathini na moja, na vifungo vyote kwa mkono. Sasa niko nyumba ya wazee, na mhudumu wa asubuhi, tunayemwita Chapuchapu, haingii kwa hodi. Ananipandisha mikono kama anayechuna mbuzi.

Juzi nikamwambia, "Leo nafunga mwenyewe." Blauzi ina vifungo sita.

"Bibi, nina wazee tisa wa kuvisha kabla ya chai. Wewe kifungo kimoja dakika tano."

"Kwani kifungo kinakimbilia wapi?"

Akacheka, ila mikono yake haikusimama. Nikaishika. Hapo kicheko kikamkauka, akanionyesha karatasi iliyobandikwa juu ya kitanda changu. Shule niliishia darasa la nne, lakini kusoma najua: Aogeshwe. Avishwe. Alishwe.

"Alishwe? Na jana sahani yangu aliimaliza paka?" nikasema. "Nani kasema siwezi?"

"Mimi nafuata karatasi, bibi."

Akamwita msimamizi. Msimamizi naye akaja na lake: blauzi zangu zitaondolewa, nitapewa magauni ya kufungwa kamba mgongoni. Kamba za mgongoni nitazifikia kwa mkono gani? Nikakaa juu ya blauzi zangu, nikasema sitoki hapo. Wakampigia simu kitinda mimba wangu.

Akafika na funguo za gari mkononi. "Mama, mbona unawasumbua? Wanakusaidia."

Blauzi niliyovaa ilikuwa bado wazi. Nikafunga vifungo mbele yao, wote watatu wamesimama. Cha tatu kiliniponyoka mara mbili. Chapuchapu akanyoosha mkono, nikamtazama, akaurudisha. Nikafika cha sita.

"Haya. Nani kasema siwezi?"

Msimamizi akafungua faili langu, akasoma, kisha akamtazama binti yangu. Binti yangu akatazama funguo zake.

"Nimeuliza."

"Ni mimi, mama," akasema. "Siku ile nilipokuleta hapa waliniuliza unaweza nini, na mimi nilikuwa na haraka."