Dari Haijawahi Kuvuja

Dari ya karakana yangu ilivuja mwaka mzima kabla ya kuanguka, na mwenye nyumba alijua. Nilimwambia mimi mwenyewe, kwa mdomo huu, mara tatu: mara ya kwanza getini, mara ya pili alipokuja kufuata kodi, mara ya tatu akiwa humo ndani, matone yakimdondokea begani. Kila mara alijibu kwamba fundi anakuja kesho, mpaka wapangaji tukamwita Mzee Kesho. Barua sikumwandikia hata siku moja. Mtu wa umri wa baba yangu, anayeniita mwanangu, ningemwandikiaje barua kana kwamba namshtaki?

Mimi ni fundi makochi. Nafumua makochi ya watu, nabadilisha sponji na kitambaa, nayarudisha yakiwa kama mapya. Mvua iliposhusha dari, ndani kulikuwa na kochi moja tu la mteja, lakini ndilo ambalo sikutaka kabisa liguswe. Lilikuwa la marehemu mume wa mkunga mmoja mstaafu. Mama huyo alinipa sharti: kitambaa nibadilishe, sponji niiache, kwa sababu bado ina bonde la mgongo wa mumewe. Maji na vipande vya dari vililikalia siku mbili za mapumziko. Nilipofungua Jumatatu, sponji ilikuwa inanuka na mbao zimeachana. Cherehani zangu mbili zilikuwa zimelowa chepechepe.

Mzee Kesho alifika asubuhi hiyohiyo, kwa mara ya kwanza bila kuitwa. Alinipa pole, machozi yakamlengalenga, kisha akafunga mlango. Akanieleza kwamba nyumba ina bima na afisa wa kampuni anakuja saa nane. Bima inalipa ajali ya ghafla, hailipi ubovu ambao mwenye nyumba ameuachia tu. Wakisikia dari ilivuja mwaka mzima, hawatoi hata senti.

"Wewe sema tu hujawahi kuona tone, mwanangu," akasema. "Wakinilipa mimi, wewe nitakuachaje?"

Ningependa kusema nilidanganywa. Ukweli ni kwamba nilitaka kudanganywa, maana nilidhani bima ya nyumba ni ya kila kilichomo ndani ya nyumba.

Afisa wa bima alikuwa dada mpole mwenye buti za matope, kalamu imening'inia shingoni. Alipiga picha, akapima ukuta kwa utepe, akaniuliza kama dari iliwahi kuvuja. Nikasema haijawahi. Akauliza kama niliwahi kumlalamikia mwenye nyumba. Nikasema sijawahi. Aliandika yote, akanisomea, nikatia sahihi. Mzee Kesho alikuwa dirishani, anatazama nje kama mtu ambaye hayo hayamhusu.

Ndipo nikauliza kochi na cherehani vitalipwa lini. Yule dada akanitazama kwa huruma ninayoichukia mpaka leo.

"Bima ya mwenye nyumba ni ya jengo, dada yangu. Vitu vya mpangaji, mpangaji anavikatia bima yake mwenyewe. Labda kama mwenye nyumba angekuwa ameambiwa paa ni bovu akapuuza, hapo ungemdai yeye. Lakini umesema hukumwambia."

Akasubiri. Nadhani alijua. Faili lilikuwa bado wazi, sentensi moja ingetosha. Niliona aibu kuukana uongo wa dakika mbili mbele ya mtu aliyeuandika vizuri namna ile, na mzee yule amesimama pale pale. Nikainama kuokota vipande vya dari, naye akafunga faili.

Paa jipya liliezekwa ndani ya mwezi. Nilipomfuata Mzee Kesho kumkumbusha ahadi yake, hakunifukuza wala hakunigombeza. Alinipa kiti, akatoa nakala ya maelezo yangu.

"Mwanangu, hapa umekiri mwenyewe kwamba hukuniambia," akasema taratibu. "Sasa kosa langu ni lipi?"

Nilitoka bila kuaga. Nilikuwa na hasira ya kumtukana, lakini kila tusi nililolitafuta lilinifaa na mimi.

Mkunga nilikuwa nimempiga chenga wiki nne, leo naumwa, kesho kitambaa hakijafika. Ijumaa alikuja mwenyewe. Nilimwonyesha mbao nilizozikausha na sponji iliyovimba kama mkate uliolowa. Akapapasa pale palipokuwa na bonde. Hakulia, aliniuliza swali moja tu.

"Binti yangu, ulijua panavuja, ukaliweka kochi langu hapa?"

Pale pale nilikuwa nikitega ndoo kila mvua iliponyesha. Lakini ndipo mahali pekee palipotosha kochi lake.

"Sikujua, mama," nikamjibu, na safari hii hakuna aliyenifundisha la kusema.

Akaniamini. Akanishika bega, akanipa pole.