Kiganja Ukutani

Fundi Ngurumo alikuwa na miaka ishirini na sita kazini akijaribu injini za ndege za kivita, na miwili ya mwisho alikuwa kiziwi bila mtu kujua. Siri hiyo aliilinda kama mboni ya jicho. Fundi asiyesikia hana nafasi kwenye chumba cha majaribio, na nje ya kazi hakuwa na kitu: mkewe alikwishafariki, na binti yake wa pekee hakuwa amekanyaga kwake tangu matanga ya mama yake, walipokosana.

Humo kazini kila mtu huvaa viziba masikio na kuongea kwa mikono, basi uziwi ulipata pa kujificha. Kilichobaki kuhitaji masikio ni moto wa nyuma. Injini ikishafika mwisho wa nguvu zake, mafuta hunyunyizwa tena kwenye bomba la kutolea moshi, yanawaka upya, na msukumo unaongezeka kwa nusu nzima. Wenzake waliusikia mlipuko. Yeye alibandika kiganja ukutani, mtikisiko ukamfika mbavuni, akainua dole gumba kabla yao kuashiria kwamba umewaka. Wakasema mzee ana masikio ya popo. Alicheka nao, roho ikimuuma.

Jumamosi moja binti aliahidi, kwa ujumbe wa simu, kuja saa nne asubuhi. Baba alifagia, akapiga pasi shati, akachemsha chai. Saa nne ikapita, na ya tano. Hasira zikampanda, kisha zikamwisha, akabaki na upweke wake na chai iliyopoa. Ndipo simu ikawaka mezani, ujumbe wa binti yake:

“Baba, nimegonga nusu saa. Nimekuona ukipita nyuma ya pazia. Kama hunitaki, ungesema tu.”

Mlango alikuwa ameufunga kwa mazoea. Kwa miaka miwili hakuna aliyekuja kuugonga, hivyo hakuwahi kufikiria kwamba hatausikia ukigongwa. Akalia kama mtoto, peke yake, katikati ya sebule iliyofagiliwa.

Kisha akaandika: “Mwanangu, mimi ni kiziwi. Miaka miwili sasa. Hata kazini hawajui, na Jumatatu nitawaambia mwenyewe. Rudi ugonge tena.”

Simu ikaonyesha kwamba ujumbe umesomwa. Jibu halikuja. Angeweza kuuacha mlango wazi, lakini alitaka kuuhisi mkono wa mwanawe ukigonga. Akaketi sakafuni, akabandika kiganja kwenye mbao za mlango, akangoja.