Uzi Nyuma ya Propela

Tangu kiharusi kimwangushe, Mzee Nati alibakiwa na neno moja tu. Aombe maji, amfukuze paka, akatae uji, kinachomtoka mdomoni ni "kesho." Mkono wa kulia ulilala, mguu nao ukagoma. Akili ilikuwa timamu kabisa, na hilo ndilo lililomuumiza.

Jumamosi hiyo bintiye alimsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka gatini, apunge upepo huku akimtazama mkwe wake akihudumia boti ya abiria, ile ile ambayo mzee, fundi wa injini tangu ujana, aliiendesha miaka ishirini na sita. Mkwe aliinua injini mpaka propela ikawa nje ya maji, akachomoa pini, akafungua nati, akaivuta propela. Akapiga tupa kingo zilizopata mapengo, akaipaka shafti grisi. Ana mkono mzuri, Mzee Nati alikiri moyoni.

Kisha akauona. Uzi wa nailoni wa kuvulia ulikuwa umejizungusha kwenye shafti, kule ndani kabisa, penye mpira unaozuia maji yasiingie kwenye gia. Mkwe alikuwa upande wa pili, jua machoni. Uzi kama ule huukata mpira taratibu, maji yakapenya, gia zikasagana.

"Kesho," alisema.

"Kesho haiwezekani, baba. Abiria wa mchana wameshakata tiketi."

"Kesho, kesho."

Akanyoosha mkono wa kushoto. Mkwe alicheka kwa upole. "Anataka kazi huyu," akasema, akamwekea nati kiganjani aishike. Mzee Nati akaitupa. Iligonga mbao za gati, ikatumbukia majini, chubwi.

"Jua limemzidi," bintiye alisema, akakigeuza kiti. Nyuma yao mkwe alisikika akipekua boksi kutafuta nati nyingine, kisha nyundo ikigonga pini mahali pake.

Siku kumi na moja Mzee Nati aliisikiliza boti akiwa dirishani. Mwanzoni injini iliimba vizuri. Siku ya saba ikaanza kukoroma. Kila asubuhi aligonga kioo, na kila asubuhi bintiye alifungua dirisha, akidhani baba anataka hewa. Siku ya kumi na moja boti ilirudi ikivutwa na boti ya jirani, abiria wamenuna.

Alasiri mkwe alifungua gia. Oili ilitoka nyeupe kama maziwa yaliyoharibika, meno ya gia yamelika. Alipovua propela akaukuta uzi.

Alikuja nao ndani, akachuchumaa mbele ya kiti. "Ulikuwa unanionyesha huu. Na mimi nikakupa nati, kama mtoto anavyopewa cha kuchezea." Machozi yalimlengalenga. "Nimeiua injini yako, baba."

Mzee Nati alitaka kumwambia kwamba yeye mwenyewe, mwaka wake wa pili wa ufundi, aliua injini mpya ya watu kwa uzi kama huo huo, na bosi wake akaishia kucheka. Alitaka kumwambia kuwa injini ni chuma tu. Maneno yalikuwepo yote, yamejipanga kichwani. Mdomoni lilikuwepo moja tu. Basi akapeleka mkono wa kushoto begani kwa mkwe, lakini ukateleza, ukamgonga kifuani.

Mkwe aliyumba kidogo, akasimama.

"Una haki, baba," alisema, akatoka, akaufunga mlango polepole.