Kanuni ya Mtu wa Mwisho

Mimi nina kinyongo, na sikifichi. Nimekitunza miaka sita, nikakilisha vizuri, kikanenepa.

Miaka sita iliyopita mama yangu, fundi cherehani mwenye goti bovu, aliingia mashindano ya triathloni: kuogelea, baiskeli, halafu mbio, bila kupumzika katikati. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na alijifunza kuogelea kwa ajili ya siku hiyo tu. Alipofika mwisho, peke yake barabarani, alikuta zulia la kupimia muda, lile linalolia mshiriki akilikanyaga, limekunjwa na kupakiwa kwenye gari. Mwenyekiti wa chama cha mchezo huo alikuwa anawahi kula na wageni wake. Alimtazama mama aliyelowa jasho, akamwambia, "Tumefunga, mama." Utadhani mama amekuja kununua sukari. Mama akaomba apite tu, hata bila zulia. Akajibiwa kuwa kanuni ni kanuni. Kwenye orodha ya matokeo wakamwandikia: Hakumaliza.

Mama hakulia. Aliegesha baiskeli nyuma ya cherehani, akaanza kutundikia vitambaa vya wateja juu yake. Mimi ndiye niliyelia, kisha nikaenda kuomba kazi kwenye chama kilekile.

Walinipokea kwa sababu napenda makaratasi, na pale hakuna mwingine anayeyapenda. Mwaka huu nikakabidhiwa kupanga mfululizo wa taifa: duru tano, miji mitano, ngazi tatu, kuanzia mabingwa hadi wale ambao jana tu walikuwa wanaogopa maji. Nilipanga waokoaji bwawani, nafasi za baiskeli, meza za maji, mpaka vyoo. Halafu nikaandika kanuni, kurasa thelathini na moja. Kwenye kamati yetu kanuni hupitishwa kwa vichwa vyake tu: Mwenyekiti hutaja kichwa, wajumbe huitikia "imepita," chai inaletwa. Kifungu cha kumi na tisa nilikipa kichwa "Heshima ya Mgeni Rasmi." Mwenyekiti, ambaye ndiye mgeni rasmi wa duru zote, alikitaja kwa sauti nene kuliko vingine. Kikapita. Akasaini.

Kazi ngumu ilikuwa kumshawishi mama. Alisema nimwache na vitambaa vyake. Nikamsomea kifungu cha kumi na tisa, mara mbili. Akaendelea kushona mpaka mwisho wa pindo, akakata uzi kwa meno, akaniuliza pampu ya baiskeli iko wapi.

Siku ya duru ya kwanza, ngazi ya wanaoanza ilikuwa na watu tisini na wanne. Kufikia saa tano wote walishamaliza isipokuwa mmoja. Mwenyekiti akamwita dereva wake. Nikamfuata na kurasa zangu, nikamwonyesha kwa kidole: ngazi hii haina muda wa kufunga, mgeni rasmi atasimama kwenye mstari, bila kukaa, mpaka mshiriki wa mwisho apite, na atamvisha medali kwa mikono yake. Chini yake, saini. Waandishi wa habari walikuwa karibu wanasikiliza. Nilihakikisha wapo.

"Nani aliandika upuuzi huu?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Umesaini wewe, Mwenyekiti. Kanuni ni kanuni."

Akasimama. Jua likapanda, suti ikalowa kwapani, akawa anahamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule. Sikumwonea huruma hata chembe. Kilichonitia hofu ni goti la mama. Likimwangusha huko njiani yote yameharibika, na neno lile litaandikwa tena, safari hii kwa kalamu yangu.

Saa saba kasorobo akatokea kwenye kona, anatembea. Zikiwa zimebaki mita mia mbili akakaa ukingoni mwa barabara. Nikashika kichwa. Muuguzi akataka kumkimbilia. Mama akampungia mkono arudi. Akavua kiatu, akakung'uta kijiwe, akakitazama, akakitupa. Akafunga kamba, akafungua, akafunga upya. Akanywa maji, funda mojamoja. Ndipo nikaelewa kwamba goti halina neno. Kumbe kinyongo changu nimekirithi.

Akainuka, akaja taratibu mpaka hatua moja kabla ya zulia, akasimama. Mwenyekiti alishanyoosha medali. Mama hakuinama.

"Samahani, Mwenyekiti," alisema. "Mmefunga?"

Mwenyekiti alitazama kamera, akanitazama mimi, akatazama chini. Alikumbuka, niliona usoni pake anakumbuka.

"Hatujafunga, mama."

"Sijasikia vizuri."

Akarudia kwa sauti, watu wote wakasikia. Mama akakanyaga zulia, likalia. Akainamisha kichwa kidogo tu, kiasi kwamba Mwenyekiti alilazimika kusimama kwa ncha za vidole kumvisha.

Alipofika kwangu hakunikumbatia. Aliniuliza zimebaki duru ngapi.

Nikamwambia nne.