Maji ya Handaki

Fundi Mosi hakuwahi kujenga kitu alichokipenda kama kile kijumba cha ukutani, na ndiyo maana mpaka leo akikitaja hutema mate kwanza.

Yote aliyaleta Bwana Lamberi, Mfaransa aliyelima kahawa na kabichi milimani juu ya Kinole. Mwaka wa hamsini na moja aliona nyumba kama za walowezi wenzake hazimtoshi. Alitaka ngome, ileile waliyokaa babu zake huko mashambani kwao Ufaransa miaka mia tano nyuma. Akaleta picha yake, akaitundika kwenye mti, akawaambia mafundi wajenge hiyo.

Basi wakajenga. Kuta za mawe nene kiasi kwamba mtu angeweza kulala ndani ya dirisha, na madirisha yenyewe vipenyo tu, eti vya kurushia mishale. Minara minne ya mviringo yenye mapaa yaliyochongoka. Ngazi ya mnarani ilijizungusha kama konokono, ikipinda kulia ili adui anayepanda akose nafasi ya kuzungusha upanga. Adui gani huyo wa Kinole, hakuna aliyethubutu kuuliza. Na kuzunguka ngome yote, handaki lililojaa maji, na juu yake daraja la mbao la kuinuliwa kwa minyororo, kana kwamba Waluguru wangekuja usiku na mikuki kuiba kabichi.

Maji ya handaki ndiyo yaliyomtia Mosi matatani. Kijito kilianzia kwenye ardhi ya ukoo wa Bi Mwaisha, mama mkwe wake, na Uluguru ardhi ni ya akina mama. Mosi mwenyewe alikuwa mume tu aliyekuja kuoa, akapewa pa kukaa. Bwana Lamberi alimtuma akaombe. Mosi akaenda, akakaa mbali kama mkwe anavyotakiwa, akaeleza kwamba mfereji utayachukua maji juu, yatazunguka nyumba ya Bwana, kisha yatarudi kijitoni kabla hayajafika kijijini. Bi Mwaisha, amempa ubavu na khanga ameivuta usoni, aliuliza jambo moja tu: yatarudi yalivyokwenda? Mosi akaapa kwamba yatarudi yalivyokwenda. Kwa neno lake yule mama akakubali.

Sasa kile kijumba. Kwenye picha kilitokeza nje ya ukuta, juu kabisa, kimebebwa na mawe mawili, kimepinda mgongo kama mihrabu ya msikiti wa Mwembesongo kule mjini. Tena ukuta wake pale mlimani ulitazama kaskazini, kibla hasa. Mosi alipokiona moyo wake ukalainika. Akajua ndipo mahali pa ibada. Kila dini ina lake, na Mzungu huyu kumbe anamwogopa Mungu. Ndani palitakiwa kiti cha jiwe chenye tundu, na tundu hilo alilidhania la kumwagia maji ya kunawa. Alivua viatu kila alipopanda kukijenga. Akakipiga chokaa mpaka kikang'aa, na jiwe la mwisho aliliweka kwa bismillahi.

Siku ya pili baada ya Idi el-Fitri Bwana Lamberi aliwaita wageni kutoka mjini kuja kuitazama ngome. Mafundi nao waliruhusiwa kusimama ng'ambo ya handaki. Mosi alikaa mahali anapokiona kijumba chake vizuri, akawa anamwonyesha Stefano, mpishi wa Bwana, jinsi mawe yalivyokaa. Hapo ndipo kitu kilipodondoka kutoka chini ya kijumba, kikatumbukia majini. Kikafuata kingine. Halafu mgeni mmoja mnene akatokea kwenye roshani akifunga mkanda, anacheka, na wenzake wakampigia makofi.

Mosi alimgeukia Stefano. Stefano akamweleza bila haya, maana yeye alishazoea. Ndivyo walivyojenga wakubwa wa zamani, mtu anakaa juu kwa heshima zake na mzigo unaangukia handakini. Bwana mwenyewe anakitumia tangu alipohamia, mwezi mzima sasa.

Loo! Watu wenye minara minne, wenye ngazi ya kumzuia adui, wananya ukutani kama popo! Mosi alihisi mate yamejaa mdomoni. Alimwomba Stefano amwambie Bwana kwamba maji yale yanateremka kijijini kwa watu. Stefano akaenda, akarudi na jibu.

"Anasema maji yanayotembea hayana uchafu."

Mosi hakungoja zaidi. Aliteremka mlima mbio. Angemtuma mkewe Chausiku akaseme na mama yake, lakini Chausiku alikuwa Ngerengere kumwuguza shangazi. Akafika uani kwa Bi Mwaisha anahema, akapiga hodi, akatoa shikamoo, akakaa kigodani mbali. Yule mama aliona mkwe ana kiu. Akateka kata ya maji mtungini na, kama mwenyeji anavyofanya kumwondolea mgeni wasiwasi, akaiinua aonje yeye kwanza.

Mbele ya mama mkwe mwanamume hatamki hata neno 'msala'; akibanwa na haja huaga kwamba anakwenda kutazama mbuzi. Mosi alisema tu kwamba maji si mazuri. Bi Mwaisha akajibu ni ya leo, ameyateka mwenyewe, na kata ikagusa mdomo.

"Mama, usinywe. Yana mavi ya Bwana Lamberi."

Kata ilibaki hewani. Kisha Bi Mwaisha akaimwaga chini taratibu.

"Tangu lini?"

"Mwezi mzima."

Yule mama alihesabu kwa vidole.

"Tumefuturia," alisema. "Mfungo mzima tumefuturia, tumetawadhia."

Akashika ukuta, akatapika. Mosi naye, aliyekunywa maji yaleyale kila magharibi, akainama upande wa pili wa ua akatapika. Walipomaliza, Bi Mwaisha alijifuta kwa khanga, akaiacha ikaanguka mabegani, akamtazama mkwe wake usoni kwa mara ya kwanza tangu aoe.

"Neno lile usilirudie mbele yangu," alisema. "Chukua sururu."

Walipanda pamoja, yeye na jembe, Mosi na sururu, mpaka mdomo wa mfereji. Mosi aliyabomoa mawe aliyoyapanga kwa mkono wake, Bi Mwaisha akaziba kwa udongo, na kijito kikarudia njia yake ya zamani. Jua lilipoinama wakateremka kupitia ngomeni; handaki lilikuwa limekauka, na haja zote za mwezi mzima zikabaki tope jeusi mbele ya macho ya wageni, harufu imepanda mpaka kwenye minara. Wanawake wa mjini walivuka daraja wameziba pua kwa leso. Bwana Lamberi alipiga kelele kutoka juu, akamwita Mosi mwizi wa maji, akamwambia asikanyage tena pale.

Mosi alikuwa anakitazama kijumba chake, chokaa ile nyeupe aliyoipiga peku, na michirizi ya rangi ya kahawia iliyoshuka chini yake ukutani. Akatema mate, akamfuata mama mkwe wake kuteremka.