Wale Sabini

Ujumbe wa maabara ulimfikia Ndinda siku ya kumi na mbili baada ya mazishi: majibu ya damu ya Bwana Arnold yako tayari. Damu yenyewe ilitolewa Jumatatu. Alhamisi yake, moyo wa Arnold ulisimama akiwa kwenye foleni ya Feri, mfuko wa nyanya mkononi.

Ndinda alitoka nyumbani Ganjoni kwa miguu kwenda maabara, na njia nzima aliomba jambo ambalo asingethubutu kulitamka kanisani: saratani iwe imerudi. Kama imerudi, basi mumewe aliondoka kabla ya mateso, na yeye aliyeachwa angepata pa kushika.

Miaka minne na nusu nyuma, Arnold aliondolewa tezi dume kwa roboti. Yeye aliyeendesha kreni bandarini miaka thelathini aliifurahia habari hiyo kuliko daktari. "Kumbe na wewe unakaa pembeni unavuta vijiti tu!" alimwambia. Kicheko kilikoma daktari alipomgeuzia kompyuta: kati ya wagonjwa mia wenye uvimbe kama wake, thelathini ungewarudia kabla ya miaka mitano kwisha. Arnold hakusikia sabini. Tangu hapo aliishi kwa miezi sita sita, kipimo hadi kipimo. Nyumba ya Kibwezi haikuezekwa. Mjukuu alipozaliwa Kisumu, walisema watakwenda baada ya majibu. Majibu yakaja, wakasema wangoje yanayofuata.

"Shikamoo, mama," alisema Swafia, binti wa mapokezi. "Bwana yuko wapi leo? Au amechoka kunitania?"

"Marahaba. Nipe mimi tu."

Swafia alifungua bahasha, akatabasamu. "Safi kabisa! Hakuna kitu, mama. Mwambie kimebaki kipimo kimoja atimize miaka mitano, kisha asituone tena."

Ndinda alitafuta kiti. Kumbe Arnold alikuwa katika wale sabini. Siku zote alizokataa hata kununua viatu vipya, alikuwa katika wale sabini. Hasira ilimpanda, ikakosa wa kumwangukia.

Swafia alikwisha kufungua daftari la miadi. "Mwezi wa tisa, Jumanne ya pili, saa tatu asubuhi. Itamfaa?"

"Andika."

Kalamu ililiandika jina lote, polepole, kwa mwandiko mzuri. Ndinda aliifuata herufi kwa herufi. Ilipoinuka ndipo aliposema maneno ambayo hadi siku hiyo wengine walikuwa wakimsemea.

"Mwanangu, Arnold amekufa. Alhamisi ya wiki ileile mliyomtoa damu."

Swafia aliziba mdomo kwa ncha ya mtandio. "Innalillahi... Pole, mama. Pole sana." Aliinua tena kalamu juu ya daftari. Kisha binti akauliza kwa sauti ya chini, "Nilifute?"

Ndinda aliitazama ile Jumanne, na jina ndani yake.

"Hapana," alisema. "Liache mpaka siku yenyewe ipite."