Chupa Zilizojaa

"Usiniambie ninywe maji, mama. Niambie nikajisaidie wapi."

Hivyo ndivyo kitinda mimba wangu alivyonijibu, mbele ya mafundi wenzake kumi na saba na mashine zao, kaushika ubavu kwa mkono mmoja. Alikuwa ametoka kwa daktari asubuhi hiyo. Figo zimeanza kuota mawe, mkojo una rangi ya chai iliyochemka sana. Anywe maji siku nzima, asisubiri kiu.

"Chupa si hiyo hapo mezani?" nikamwambia. "Kila siku naiona imejaa."

"Imejaa kwa sababu siinywi. Itazame vizuri."

Nikaiinua. Ndani yake zilielea nyuzi za bluu. Sare za bluu tulizimaliza wiki iliyopita. Siku hiyo tulikuwa tunashona nyeupe.

Mimi ndiye msimamizi wa chumba cha ushonaji. Ufunguo wa choo unakaa shingoni mwangu. Sheria niliitunga mwenyewe: kila fundi mara mbili kwa zamu, na jina lake naliandika daftarini. Meneja alikuwa akilalamika kwamba mafundi wanashinda chooni. Nilipomwonyesha daftari akanyamaza, na mimi nikapewa kiti chenye mgongo. Kila asubuhi nilipita nikakuta chupa zimejaa, na jioni vilevile. Nikajisemea, wanajitunza hawa, wakimaliza wanajaza tena. Nimesoma hadi stashahada, lakini hilo sikuling'amua.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Nilikuja kuomba ufunguo mara ya tatu, ukanijibu kwamba hapa mimi si mwanao, nibane kama wenzangu."

Kweli nilisema. Tena nilipaza sauti, wengine wasikie kwamba sina upendeleo.

Fundi wa vifungo, mtu mzima kuniliko, akaongea bila kuinua kichwa. "Bi Funguo, tangu ulete daftari lako, kibofu changu kina nidhamu kuliko askari."

Wawili watatu wakacheka, kicheko kikavu.

"Nenda nyumbani ukapumzike," nikamwambia mwanangu.

"Nikanywe nyumbani, kesho nije kukauka tena? Na hawa je, mama zao wako wapi?"

Nilitazama meza moja baada ya nyingine. Chupa kumi na nane, zote zimejaa hadi shingoni, na kila moja ina nyuzi zake za bluu.

Nikachukua bisibisi kwenye droo ya mashine yangu, nikaenda kwenye mlango wa choo. Skrubu zilikuwa nne. Ya mwisho ilikuwa na kutu, ikanichuna kidole. Kitasa kikatoka. Komeo la ndani nililiacha.

Meneja akatokea. "Mbona mashine zimenyamaza?"

Nikamwekea kitasa mkononi, na ufunguo juu yake, na daftari juu ya ufunguo.

"Wanakunywa maji," nikamwambia.

"Na wewe umeichoka kazi?"

"Kiti chako kile pale."

Fundi wa vifungo alishasimama, akatupita bila kuomba ruhusa. Mwanangu hakunishukuru. Alimwaga maji ya zamani kwenye sinki, akajaza mapya, akayanywa amesimama, macho yake kwangu, mpaka chupa ikaisha.

Kisha akaijaza tena.